Vijiji Vilivyopitwa na Hela

Mtu wa kwetu akija Uingereza kutembea, ratiba yake naijua kabla hajashuka kwenye ndege. London siku mbili tatu, picha mbele ya Big Ben, picha nyingine nje ya uwanja wa timu anayoishabikia tangu utotoni, kisha maduka. Akirudi Dar es Salaam au Mombasa anasema Uingereza ameimaliza. Simlaumu. Likizo ni fupi, tiketi ni ghali, na viza ameipata kwa mbinde. Lakini naona kaiacha nchi yenyewe, kaondoka na jiji.

Mimi naishi Bristol, upande wa magharibi, na kazi yangu ni ya zamu. Siku nisiyo na zamu, hali ya hewa ikikubali, naamka alfajiri, nafunga chapati na mayai ya kuchemsha, najaza chai kwenye chupa, natoka. Jioni niko kwangu. Ndani ya mwendo wa saa moja au mbili kutoka hapa kuna duara la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, kuna abasia, yaani makazi ya watawa, iliyogeuzwa nyumba ya tajiri, kuna kijiji ambacho jeshi liliwaondoa wenyewe na halijawarudisha hadi leo, na kuna kaburi la Mzungu ambaye watoto wa Tanzania na Uganda wamemsoma shuleni.

Kila ninapokwenda nakuwa na swali moja, nililolibeba kutoka Bagamoyo nilikokulia: nani alikizuia kijiji hiki kisibadilike? Watalii wanapiga picha nyumba zetu za mawe na milango ya nakshi wakidhani tumeitunza kwa mapenzi. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam, biashara ikafuata, hela ikafuata, na nyumba zikabaki kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzibomoa ajenge ghorofa. Umaskini ulitutunzia mji. Nilipoanza kuzunguka mashambani huku nikakuta mambo yaleyale, tena kwa watu ambao hatujazoea kuwataja pamoja na umaskini.

Nianze na Lacock, mkoa wa Wiltshire, kwa sababu ndiko nilikompeleka shangazi yangu alipokuja kunitembelea. Unapanda treni hadi Chippenham, halafu basi. Kijiji chenyewe ni mitaa minne inayofanya mraba, basi. Kuna nyumba za fremu za mbao zenye kuta za chokaa zilizopinda, nyingine za mawe, na nyingine zimeegemeana hivi kwamba ukiondoa moja unahisi na ya pili itakuja chini. Shangazi alitembea polepole, mikono nyuma, macho juu ya mapaa. Nikadhani ameguswa na ufundi.

"Mwanangu, hawa watu televisheni wanaangaliaje?"

"Kwa nini, shangazi?"

"Antena sioni. Nguzo za umeme sioni. Sasa Luku wanaweka wapi?"

Nilicheka, lakini alikuwa ameona kitu ambacho wengi wanakipita. Karibu Lacock yote ni mali ya National Trust, shirika la hisani linalotunza nyumba na ardhi za kihistoria. Nyaya zimefichwa, antena hazionekani, na ndiyo maana watu wa filamu hawaishi kuja. Wanaondoa magari, wanamwaga udongo barabarani, wameshapata karne ya 18 bila kujenga hata banda. Waliomo ndani ni watu wa kweli, wapangaji, wenye friji na madeni kama sisi.

"Kwa hiyo kijiji kizima kina baba mwenye nyumba mmoja," akasema shangazi.

"Karibu kizima."

"Na ukitaka kupaka mlango rangi yako?"

"Unaomba kwanza."

Akatikisa kichwa. "Hayo ni maisha ya kukaa kwa mkwe."

Abasia iko pembeni ya kijiji. Iliasisiwa karne ya 13 na mwanamke, Ela, Kauntesi wa Salisbury, mjane aliyekuja kuwa mama mkuu wa masista hapohapo. Ukiwa umewahi kufika Ndanda au Peramiho utaijua hewa ya mahali kama hapa: varanda za mawe zinazozunguka bustani, ubaridi hata wakati wa joto, hatua zako mwenyewe zinakurudia masikioni. Masista walikaa zaidi ya miaka 300 hadi Mfalme Henry wa Nane alipogombana na Papa, akazifunga nyumba za watawa nchi nzima na kuuza mali zao. Lacock ilifungwa mwaka 1539, ikanunuliwa na bwana mmoja, William Sharington. Alibomoa kanisa, akaacha varanda, akajenga vyumba vyake juu.

Huyu Sharington ndiye aliyemfurahisha shangazi kuliko vyote. Alikuwa na cheo katika kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu hapa Bristol, akawa anachakachua fedha na kujaza mfuko wake. Mwaka 1549 akakamatwa, mali ikataifishwa. Kisha akasamehewa, akainunua tena nyumba yake. Shangazi alimsikiliza mwongozaji mpaka mwisho, mimi nikitafsiri, halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta uhakika: "Fisadi, akasamehewa, akarudishiwa nyumba?" Ndiyo, shangazi. "Haya. Tuendelee."

Ndani ya nyumba hiyo kuna dirisha dogo linalotokeza nje ukutani, la vioo vingi vya umbo la almasi. Usingeambiwa ungelipita. Agosti 1835 mmiliki wa wakati huo, William Henry Fox Talbot, aliweka mbele yake kisanduku cha mbao chenye lenzi na karatasi iliyopakwa kemikali ya fedha, akapata picha yenye ukubwa wa stempu. Ndiyo negativu ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Mkewe, Constance, alikuwa akiviita visanduku hivyo mitego ya panya, kwa jinsi vilivyotapakaa nyumbani. Mafilimu yote tuliyokuwa tukipeleka studio kusafishwa, hadi zile picha za harusi za wazazi wetu wakiwa wamesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, yamepita njia iliyoanzia kwenye dirisha lile: negativu kwanza, kisha nakala kadiri upendavyo. Shangazi akasimama mbele yake, akaniambia nimpige picha kwa simu. Nikampiga nyingi.

Nani alikizuia Lacock? Ukoo mmoja uliokishika karne baada ya karne, hadi mwaka 1944 Matilda Talbot alipokigawa chote, abasia na nyumba za kijiji, kwa National Trust. Pale hakukuwa na kura ya wanakijiji. Mwenye mali aliamua.

Vijiji vya Cotswolds vina maelezo mengine, na hapa ndipo Bagamoyo ilipokuwa ikinijia sana. Hayo ni maeneo ya vilima kaskazini mwa Bristol, mawe yake ya rangi ya asali, na ndiyo hasa mnayoyaona kwenye kalenda na makopo ya biskuti. Katika zama za kati utajiri wa Uingereza ulikuwa sufu ya kondoo, na sufu ya Cotswolds ilitafutwa na wafumaji wa Flanders na Italia. Hadi leo Spika wa Baraza la Malodi hukalia mto mkubwa mwekundu uliojazwa sufu. Wenye biashara walijenga makanisa makubwa kuliko vijiji vyao. Ingia lile la Northleach, tazama sakafuni: kuna mabamba ya shaba yenye michoro ya wafanyabiashara waliozikwa humo, na baadhi yao wamekanyaga kondoo, wengine wamekanyaga furushi la sufu. Nawapenda kwa hilo. Tajiri wa siku hizi angechorwa ameshika Biblia, na furushi angelificha.

Baadaye kazi ya nguo ikahamia kaskazini, Yorkshire, kulikokuwa na makaa ya mawe na mitambo ya mvuke. Cotswolds ikabaki na mawe yake na njaa yake. Hapakuwa na hela ya kubomoa wala ya kujenga upya. Wachoraji na wanafasihi wa karne ya 19 walipokuja kutoka London waliona uzuri, wakaandika uzuri, na hela ikarudi kwa mlango wa nyuma, safari hii mikononi mwa wageni. Mwaka 1930 Henry Ford, yule wa magari, alinunua nyumba nzima ya kijiji cha Chedworth, ikafumuliwa jiwe kwa jiwe na kusafirishwa hadi Dearborn, Michigan. Ipo huko mpaka sasa kwenye makumbusho yake.

Bibury sina mengi ya kusema. Kuna safu ya nyumba iitwayo Arlington Row, iliyojengwa mwaka 1380 kuwa ghala la sufu na katika karne ya 17 ikageuzwa nyumba za wafumaji, na mchoro wake uliwahi kuwekwa ndani ya baadhi ya pasipoti za Uingereza. Ni nzuri, sikatai. Ila ukifika saa nne mabasi ya watalii yameshajaa, kila mtu anasubiri mwenzake atoke kwenye fremu, na mwenye nyumba anafungua pazia anakuta kamera. Nilikunywa chai kwenye gari la rafiki yangu, tukaondoka.

Avebury ni kitu kingine. Wengi mmesikia Stonehenge, mnalipa kiingilio si kidogo na kwa kawaida mnayazunguka mawe kwa njia mliyowekewa. Avebury iko kilomita 30 hivi kaskazini mwa hapo, na duara lake ni kubwa kuliko maduara yote ya mawe duniani, kubwa kiasi kwamba kijiji kimeingia ndani yake, na barabara, na baa. Mawe unayagusa. Unaegemea, unakula chapati yako kwenye kivuli chake, kondoo wanakuja kukuangalia. Hakuna kiingilio cha duara lenyewe. Wenye magari ndio wanaolipia maegesho. Kuzunguka mawe kuna mtaro ambao zamani ulishuka hadi mita 9, na waliouchimba hawakuwa na chuma. Walitumia pembe za kulungu wa Ulaya kama sururu. Simama juu ya ukingo wake upepo ukivuma, ujaribu kuwaza ni watu wangapi walibeba vikapu vya chokaa vile, kwa miaka mingapi, na nani aliwapikia.

Hapa jibu la swali langu liligeuka. Avebury hakuna aliyeizuia isibadilike. Wanakijiji walikuwa wakiyala mawe. Karne ya 14 waliyaangusha kadhaa na kuyafukia, pengine kwa kuyaona ni ya kishenzi. Karne ya 17 na 18 wakayavunja: wanawasha moto chini ya jiwe mpaka liwe jekundu, wanamwaga maji baridi, linapasuka, wanapigilia nyundo, wanajengea nyumba. Daktari mmoja aitwaye William Stukeley alikuwa akija miaka ya 1720 kuyachora huku yakivunjwa mbele ya macho yake. Siwezi kuwalaumu wale watu. Una jiwe la bure shambani na una watoto wasio na nyumba. Mimi pia ningewasha moto. Magofu ya Kaole kwetu, kabla Idara ya Mambo ya Kale haijaweka uzio na bango la maelezo, nani alikuwa akiyalinda na jirani mwenye toroli?

Kisha miaka ya 1930 akaja Alexander Keiller, mrithi wa kiwanda cha jamu ya machungwa cha Dundee huko Uskoti. Pesa ya jamu ikanunua kijiji. Akafukua mawe yaliyozikwa, akayasimamisha, na pale yalipokuwa yamevunjwa kabisa akaweka vinguzo vya zege. Chini ya jiwe moja, mwaka 1938, walikuta mifupa ya mwanamume mwenye mkasi na sarafu za karne ya 14; wakamwita kinyozi, kwa kuwa enzi hizo vinyozi ndio walikuwa pia wapasuaji. Kwa miaka ilisemwa kwamba jiwe lilimwangukia akisaidia kulifukia. Keiller alimpeleka London, mabomu ya vita yakapiga jumba alimohifadhiwa, wakamhesabu amepotea, na miaka mingi baadaye wakamkuta kabatini katika makumbusho nyingine. Waliomchunguza upya hawakuona dalili za kupondwa.

Lakini Keiller hakuwa tu mtu wa kusimamisha mawe. Alitaka duara liwe tupu, kwa hiyo nyumba, mazizi na vibanda vilivyokuwa katikati vikaanza kubomolewa, na watu wakahamishiwa kwenye nyumba mpya za halmashauri nje kidogo, Avebury Trusloe. Mwaka 1943 akaiuza ardhi kwa National Trust. Kwa hiyo mandhari tunayoisifia kuwa haijaguswa tangu zama za mawe imesafishwa na mtu wa jana aliyekuwa na akaunti nene. Nimekwenda Avebury zaidi ya mahali pengine popote na bado sijaamua kama nampenda bwana huyu.

Ukiwa huko usikose kutembea hadi Silbury, kilima cha mita 30 na zaidi kilichomwagwa na mikono ya watu yapata mwaka 2400 kabla ya Kristo. Wamekichimba mwaka 1776, wamekichimba 1849, wakarudi tena miaka ya 1960 na televisheni juu. Hawakukuta mfalme, wala dhahabu, wala kaburi. Karne tatu za wataalamu, na kilima hakijasema kitu.

Imber sikukwenda kwa hamu, nilikwenda kwa sababu ya mabasi. Kipo katikati ya uwanda wa Salisbury, ambako jeshi limekuwa likifanyia mazoezi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na siku nyingi za mwaka raia haruhusiwi. Tarehe 1 Novemba 1943 wanakijiji waliitwa kwenye chumba cha shule wakaambiwa wana siku 47 za kuondoka, kwa sababu wanajeshi wa Marekani walihitaji mahali pa kujizoeza kupigana mtaa kwa mtaa kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa. Walikuwa watu wapatao 150. Wengi walielewa kwamba watarudi vita vikiisha. Vita viliisha mwaka 1945, na jeshi lipo hadi sasa. Mhunzi wa kijiji, Albert Nash, inasimuliwa kwamba mkewe alimkuta akilia juu ya fuawe lake. Alifariki wiki chache baada ya kuhama, na akarudishwa Imber kuzikwa.

Siku moja ya Agosti karibu kila mwaka, tangu 2009, wapenda mabasi ya zamani wanapewa ruhusa, na yale mabasi mekundu ya ghorofa ya London yanatoka stesheni ya Warminster kuelekea huko, yakipita kando ya vifaru vilivyochakaa na mabango ya kukukataza kukanyaga nje ya barabara usije ukalipuka. Umati ni wa wazee wenye madaftari wanaoandika namba za mabasi. Wanafurahi kweli. Unashuka, unakuta kanisa la St Giles limesimama, limezungushiwa uzio, na baa ya Bell bado ina kuta ila madirisha hayana kitu. Nyumba nyingine ni maboksi ya matofali yasiyo na milango, yaliyojengwa na jeshi ili yashambuliwe.

Nilimtumia shangazi picha kwa WhatsApp pamoja na maelezo. Akanijibu kwa sauti, ujumbe mrefu, kuku wanalia nyuma yake. Alisema wao waliondolewa kwa lori wakati wa Operesheni Vijiji, yeye akiwa msichana, na mama yake alirudi kwa miguu kufuata jiwe la kusagia kwa sababu lori halikukubali kulibeba. Kisha akauliza kama hawa wa Imber waliruhusiwa kuchukua mawe yao ya kusagia. Hilo sikuweza kumjibu.

Haya, sasa yaliyo karibu na nyumbani, maana si lazima upande treni. Henbury zamani ilikuwa kijiji peke yake, Bristol ikakua ikakimeza. Pale kuna kitu kinaitwa Blaise Hamlet: nyumba tisa kuzunguka kiwanja cha majani, moja imeezekwa kwa nyasi, nyingine ina dohani refu la matofali lenye nakshi, hakuna inayofanana na mwenzake. Mtu akiziona anaapa ni za kale sana. Zilijengwa mwaka 1811. Tajiri wa benki, John Harford, alimwajiri msanifu John Nash amchoree kijiji cha kizamani kwa ajili ya watumishi wake waliostaafu. Kwa hiyo hata miaka 200 iliyopita walikuwa tayari wanatengeneza vijiji vya zamani kwa oda. Mtindo huo ukaigwa kila mahali. Ukiona leo nyumba mpya ya kijijini iliyopindwa makusudi, ujue babu yake yuko Henbury.

Dakika chache kwa miguu kutoka hapo kuna kanisa la St Mary, na kwenye viwanja vyake kaburi lenye mawe mawili yaliyopakwa rangi, moja kichwani moja miguuni, juu yake malaika wadogo wenye nyuso nyeusi. Aliyelala pale anaitwa Scipio Africanus. Alifariki tarehe 21 Desemba 1720, umri miaka 18. Alikuwa mtumishi wa mwenye cheo cha Earl wa Suffolk. Jina hilo ni la jenerali wa Roma ya kale. Alipewa na wenye nyumba, kama ilivyokuwa fasheni yao kuwapa Waafrika wao majina makubwa. Lile alilopewa na mama yake halipo kwenye jiwe. Maandishi yanasema alizaliwa mpagani na mtumwa na sasa amelala kwa utamu kaburini akiwa Mkristo. Juni 2020, siku chache baada ya waandamanaji kuitupa bandarini sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa, mtu asiyejulikana alikuja usiku akayavunja mawe ya kijana huyu. Yamekarabatiwa. Nikipita huwa natoa salamu.

Mtu mwingine aliyebeba jina la kupachikwa ndiye aliyenipeleka Somerset. Dowlish Wake ni kijiji kidogo karibu na Ilminster, kijito kinakatiza barabarani, na kando yake daraja la mawe, jembamba, la farasi wa mizigo. Ndani ya kanisa amezikwa John Hanning Speke. Yeye na Richard Burton walianzia safari yao Kaole mwaka 1857, mlangoni kwetu kabisa. Tarehe 3 Agosti 1858, Burton akiwa mgonjwa amebaki Tabora, Speke alifika Mwanza akaliona ziwa, akasema hapa ndipo Mto Nile unapotoka. Burton hakukubali. Wakagombana miaka sita, na siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath, Septemba 15, 1864, Speke alikuwa akiwinda kwale Wiltshire, akipanda ukuta mdogo wa mawe bunduki ikamfyatukia. Alikuwa na miaka 37. Livingstone alikuja mazishini. Nembo ya ukoo iliongezewa mamba na kiboko, na ni jambo la ajabu kukutana na mnyama wa Rufiji kwenye historia ya kijiji cha wakulima wa matufaha.

Mwenyewe nilikuwa nikimfikiria Sidi Mubarak Bombay. Myao, alikamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, na jina la mji wa Bombay likabaki limemng'ang'ania. Aliporudi Zanzibar akawa kiongozi wa msafara wa Speke. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, kwa hiyo yote aliyoambiwa na wenyeji njiani yalipitia kwa Bombay, wawili hao wakizungumza Kihindi cha kubabaisha. Hata siku mdudu alipomwingia Speke sikioni karibu na Ziwa Tanganyika, akajaribu siagi ya moto, ikashindikana, akajichokonoa kwa kisu mpaka akaharibu sikio, dunia yake iliendelea kutafsiriwa na mtu huyu. Speke alipokufa Bombay alikuwa bado na safari: alikwenda na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron akavuka bara zima hadi pwani ya Angola. Alifariki 1885.

Mzee aliyekuwa akibadilisha maua kanisani aliniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Bagamoyo aliweka ndoo chini. Alikuwa analijua jina, ila hakuwahi kukutana na mtu wa huko, na akataka kujua kama nyumba za wakati wa misafara bado zipo. Tukaongea hadi rafiki yangu aliyekuwa kwenye gari akaanza kupiga honi. Karibu na hapo kuna kiwanda cha Perry's, ghala la kale lililoezekwa kwa nyasi, wanasindika matufaha. Wenye kunywa saida, pombe ya matufaha, wanaijua njia, sisi wengine juisi ipo.

Kuhusu usafiri, kwa mnaouliza: nauli za mabasi mengi ya Uingereza nje ya London ziliwekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari moja kuanzia Januari 2025, lakini vijijini mabasi ni machache na mengine Jumapili hayapo kabisa, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi kabla hujaanza kuzubaa. Dowlish Wake na Bibury tafuta mwenye gari. Imber subiri tangazo la tarehe, usijaribu siku nyingine. Na kama una siku moja tu ya bure, shuka treni Swindon, panda basi namba 49, teremka Avebury, na ubebe chakula chako pamoja na viatu ambavyo huvionei huruma, maana kondoo wale hawana choo maalumu.